Kigoda Kati ya Mizani na Mashine

Hapana, kompyuta sikuiogopa. Najua ndilo swali mnalotaka kuuliza, nimewaona mnavyotazamana. Nilichoogopa mimi ni ile printa. Ilikuwa ikianza kuchapa inalia kama paka aliyebanwa mkia na mlango. Siku ya kwanza nilitoka nje na ufagio wangu mkononi, nikakaa huko mpaka iliponyamaza, nikarudi nabisha hodi kama mgeni. Lakini kompyuta yenyewe ilikuwa na adabu zake. Inakaa, inawaka, inanyamaza. Wanaume wengi niliowahi kukaa nao hawakuweza hayo matatu.

Upendo, andika hivyo hivyo ninavyosema, usinitengeneze. Shule sikwenda, hilo ofisi nzima inajua. Siku nikisomewa hiyo karatasi nikasikia naongea kama katibu tarafa, nitajua ni wewe. Mmesema mnataka vijana wapya wajue hii kazi tuliianzaje. Haya. Mambo ya mishahara na nani alipanda cheo muulizeni huyo anayelipa. Mimi nitasema ya kazi.

Tulianza miaka ile ya tisini mwanzoni, chumba kimoja mtaa wa Majengo, nyuma ya duka la vitenge. Mwenye kazi alikuwa Eliudi, kijana wa Dar, mrefu, shati limechomekwa hata siku ya vumbi. Kompyuta alikuja nayo na treni. Alikuwa ameifunga blanketi, ameipakata njia nzima kama mtoto mwenye homa. Akabandika bango mlangoni: ushauri wa taratibu za kazi kwa makampuni. Wiki ya kwanza mtu mmoja tu ndo aliingia, akataka ushauri wa mke wake. Wa pili, wiki iliyofuata, akauliza hiyo televisheni inaonyesha picha saa ngapi.

Mimi aliniajiri kufagia na kupika chai. Basi. Siku ya kwanza kazini akaniuliza, "Mama Stella, chai unaipikaje?" Nikasema naipika tu. "Hapana mama, hatua kwa hatua. Ukimaliza kuwasha moto, nini kinafuata?" Nikajiambia, we Stella wa watu, mama yako kaingia kwa mwehu. Lakini nikamjibu, na yeye anaandika. Mwisho akageuza ile kompyuta akanionyesha: visanduku vinafuatana, kuni, moto, maji, majani, na mishale katikati. Chai yangu imekaa kwenye kioo kama ukoo. Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Na kazi yenyewe ilikuwa ni hiyo hiyo. Mtu ana kampuni yake, ya mbao, ya asali, gesti, kinu cha mpunga. Kazi zinakwama na yeye hajui zinakwamia wapi. Eliudi anakwenda, anamuuliza kila mtu: wewe unapokea nini, unafanya nini, ukimaliza unampa nani. Anarudi ofisini anaingiza kwenye programu, programu inachora visanduku. Halafu kila kisanduku inakiuliza swali moja: hatua hii inaongeza nini? Ukijibu haiongezi kitu, kisanduku kinafutwa, na mishale inaungana pale kilipokuwa, kama maji yanavyojifunga ukitoa jiwe. Eliudi alikuwa anapenda kufuta. Akifuta kisanduku anakohoa kidogo, hm-hm, kama padri aliyemaliza kuhubiri.

Kazi ya kwanza tuliyopata ilikuwa gesti moja pale pale Majengo. Wageni wanalalamika maji ya moto ya kuoga hayaji. Eliudi akauliza kila mtu, kila mtu akamjibu vizuri kabisa. "Mgeni akiomba, anapelekewa." "Ndiyo, mara moja." Akarudi ofisini ameshika kichwa. "Mama Stella, kila mtu anafanya kazi yake, ila maji hayafiki."

Mimi nilikuwa nimekwenda naye kubeba karatasi, nilikaa ukumbini nikawasikia siku nzima. Nikaweka sufuria chini nikamwigizia. Mgeni anaita, sauti nzito ya msafiri: "Dada, maji!" Dada wa mapokezi hainui macho: "Subiri kaka angu, namwambia Asha." Asha anapiga miayo: "Mi nafagia, maji ni ya jikoni." Jikoni: "Kuni zimeisha, mpaka bosi atoe ruhusa." Na bosi yuko sokoni anapiga stori za mpira. Mgeni anaoga maji baridi, unasikia kelele zake mpaka barabarani.

Eliudi hakucheka. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akaandika yote. Kesho yake akanipeleka nikaigize mbele ya mwenye gesti, na wafanyakazi wote wamekaa pale. Mwenye gesti alicheka machozi yakamtoka, halafu akanyamaza ghafla, maana nilifika pale pa bosi na stori zake sokoni. Tangu siku hiyo kuni na ndoo vikawa mikononi mwa mtu mmoja, na kule kwetu ufagio wa ofisi akapewa mwingine. Mimi nikawa mtu wa kuigiza. Sijui kama kuna kampuni nyingine yenye cheo hicho.

Eliudi ndo alinifundisha, ingawa nilikuwa sawa na mama yake mdogo. Alikuwa anasema, "Mama, usisikilize sana mdomo. Mdomo una adabu. Angalia mikono." Basi nikiingia kwenye kampuni nakaa kona, nasuka ukili wa mkeka, naangalia mikono. Kitu kinatoka kwa nani, kinapokelewa na nani, kinalala wapi. Vitendea kazi vyangu vilikuwa ukili, kanga tatu za kubadili nikibadili mtu, na mfuko wa punje. Hindi ni mteja, haragwe ni mfanyakazi, karanga ni bosi. Nikirudi namwaga mkekani, nasogeza moja moja, Eliudi anaingiza kwenye programu. Siku moja kuku wa jirani akaingia akala kampuni nzima ya asali, tukaanza upya.

Msidhani kila mahali tulipokelewa. Kuna bwana mmoja wa mbao, kila akitaka kukataa jambo anaanza, "Mimi sina neno, mimi sina neno kabisa... ila." Na kazi yake yote ilikuwa inafia kwenye hiyo "ila." Nikamwigiza mbele ya watu wake, na kidevu chake, na kidole chake. Wakaanguka kwa kicheko. Yeye akasubiri wamalize, akasema, "Mimi sina neno, mimi sina neno kabisa... ila tokeni." Tukarudi kwa miguu. Eliudi kabeba mafaili kichwani, shati limechomekwa. Njiani ndo akacheka.

Sasa niwaambie ya kinu cha Mwamkulu, maana ndo kazi ya mwisho kubwa niliyofanya kabla magoti hayajaanza kunidai.

Kile kinu alikuwa amekinunua Bwana Rajabu, mfanyabiashara wa Majengo. Mtu mwema, ila ana haraka kama aliyesahau chungu jikoni. Anakaa mjini, kinu anakwenda kukitazama mara moja moja. Ilikuwa msimu wa mavuno, mpunga unashuka kutoka kila upande. Wasukuma wanaleta kwa mikokoteni ya ng'ombe, Wapimbwe na wengine kwa baiskeli. Foleni inatoka uwanjani mpaka barabarani, na kuna kinu kingine kimefunguliwa mbele kidogo. Wateja wameanza kuhama. Akaja ofisini anahema: "Eliudi, msimu huu ukinipita nafunga. Nitafutie panapokwama."

Tukaenda. Kazi ya pale ilikuwa fupi, mtu akiiona mara moja anaielewa. Mpunga unafika kwenye mizani. Kwenye mizani yuko Mama Kabula, mama wa Kisukuma, mnene, mkimya, anaaminiwa na wakulima wote. Ukisikia mkulima anasema, "Nimepimiwa na Mama Kabula," ujue mjadala umekwisha. Akishapima anatoa kibao cha mti chenye namba. Kile kibao kikifika kwa Masanja, fundi wa mashine, ndo anaruhusu mpunga umwagwe. Masanja naye wa aina yake: ile mashine kuukuu ilikuwa inamsikia yeye tu. Mwingine akiigusa inakohoa, inazima.

Kati ya mizani na mashine ni hatua chache tu. Na hapo katikati, kwenye kigoda, alikuwa amekaa Mzee Damiani.

Mzee Damiani alikuwa Mpimbwe, mzee wa kanisa, rozari shingoni. Mke alishatangulia, watoto wametawanyika, shamba mgongo ulishalikataa. Kazi yake ilikuwa hivi: Mama Kabula ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Mzee ananyanyuka, anapokea kibao, anatembea, anampa Masanja, anarudi anakaa. Mchele ukitoka, Masanja anampa kibao, mzee anakirudisha kwa Mama Kabula. Siku nzima. Kwa hiyo anapewa posho kidogo na chenga za mchele za kula nyumbani. Akienda haja, kinu kizima kinamsubiri.

Niliangalia ile mikono siku mbili. Nikamwaga punje mkekani, Eliudi akaingiza. Programu ikafika kwa Mzee Damiani, ikauliza swali lake: hatua hii inaongeza nini?

Eliudi akanitazama. Nikamwambia, "Kupokea kibao huku na kukitoa kule. Mtu si anaweza kukirusha?"

"Kwa hiyo haiongezi kitu."

"Sijaona kitu."

Akafuta. Hm-hm.

Picha mpya tukaenda kuibandika ukutani kinuni kwa ugali wa muhogo, gundi ilikuwa imeisha. Bwana Rajabu akaipenda sana. "Mama Kabula, mshale, Masanja! Safi! Hivi nilikuwa namlipa huyu mzee wa nini?"

Wafanyakazi wakaitazama ile picha. Nikasubiri mtu abishe, maana kazini ukimfuta mtu lazima kuna mwenzake atakayebisha. Kimya. Mama Kabula ameukabili ukuta wake, kanga kichwani. Masanja amepita mlango wa nyuma, kama kawaida yake. Sie tulidhani wanakimbia vumbi la pumba.

Mzee Damiani akanifuata nje, amevua kofia. "Mama Stella, nimesikia mmenitoa kwenye picha."

Mimi ni Mkonongo, na Wakonongo na Wapimbwe sie ni watani, sikumwonea huruma ya usoni. Nikamwambia, "Mzee wangu, kampuni haiwezi kulipa daraja linalotembea. Nenda ukapumzike, usali."

"Kusali nasali hapa hapa, kati ya kibao na kibao." Akatabasamu, halafu tabasamu likaisha. "Na chakula changu ni hiki hiki cha hapa, mama. Nyumbani sina mwingine wa kunipikia wala cha kupika."

"Basi niambie unafanya nini pale, nikutetee. Unaongeza nini?"

Akakigeuza kile kikofia mikononi. Akatazama kule kwenye mizani, akatazama kwenye mashine. "Mambo mengine si ya mtu wa nje kuyasema," akasema. Akaondoka na kigoda chake kwapani.

Njia nzima kurudi mjini nilikuwa naona kile kigoda.

Keshokutwa yake tukaenda kuona utaratibu mpya unavyokimbia. Haukimbii. Haukutambaa hata. Mama Kabula anapima, anaweka kibao chini sakafuni, anatoka nje kabisa, anakwenda kusimama nyuma ya stoo. Akishatoka, ndo Masanja anachungulia, anakuja mbio, anaokota, anarudi kwenye mashine. Ndo Mama Kabula anarudi kupima gunia lingine. Mchele ukitoka, mchezo ule ule kinyume chake. Foleni imefika mara mbili ya ile ya mwanzo. Ng'ombe wamechoka kusimama na nira, wanapiga kelele. Wakulima wawili nimewaona kwa macho yangu wakigeuza mikokoteni kwenda kinu kile kingine.

Bwana Rajabu anazunguka ameshika kiuno. "Wamegoma! Wanagoma kwa ajili ya mzee!"

Eliudi akasema, "Hawajagoma bosi, wanatembea kuliko mwanzo." Akanigeukia. "Mama Stella, hawajauelewa utaratibu. Waigizie."

Basi nikaigiza. Nikajifunga kanga kama Mama Kabula, nikakaa kwenye mizani yake, nikajaza mashavu, nikainua kibao juu. Uwanja mzima umejaa watu wanangoja kicheko. Nikageuka nikatazama mashine, nikaita kwa sauti yake ile ya chini, nikaivuta: "Masanjaaa! Baba, njoo uchukue mkononi kwangu!"

Nimeigiza watu wengi. Kuna kicheko cha kawaida, kuna kicheko cha hasira, na kuna watu kuondoka. Siku ile nilipata kitu ambacho sijawahi kukipata. Wanawake wote wa Kisukuma wakajifunika nyuso mara moja, kama umeme umekatika. Mama Kabula akavuta kanga mpaka kidevuni. Masanja akatoka mlango wa nyuma anakimbia, mweupe kwa vumbi la mchele, mashine inanguruma peke yake.

Ndipo mzee mmoja wa mkokoteni, Msukuma mtu mzima, akanisogelea. Akaongea polepole, kama unavyoongea na mtu aliye juu ya paa: "Mayu, mama yangu, shuka hapo. Huyo kijana kamwoa binti wa huyu mama. Huyu ni mkwe wake. Kabula ndo mke wa Masanja. Na wewe umemfanya mama mkwe amwite kwa jina, amtazame, na ampe kitu mkononi. Miiko yetu yote mara moja. Mbele yetu."

Nikashuka.

Sasa mnaona. Kinu kizima walijua. Walinyamaza kwa sababu kwao ni kama kukwambia maji yanalowesha, na tena kulisema mbele ya wenyewe ni aibu juu ya aibu. Bwana Rajabu alinunua kinu hajui. Na sie tulikuja na programu yetu, nayo ikauliza swali zuri tu, ila jibu tulilijaza mimi na Eliudi. Mikono ile niliitazama siku mbili. Nikaona mkono unanyooshwa nyuma bila mtu kugeuka, nikasema vumbi.

Mzee Damiani akaitwa. Akaja na kigoda chake kwapani, akasimama mlangoni, hakukaa. Hakuna aliyemwambia kaa. Kikao kikafanyika pale pale: Bwana Rajabu, Eliudi, mimi, wazee wawili wa foleni. Masanja yuko nyuma ya ukuta anasikiliza. Mama Kabula yuko kwenye mizani yake, mgongo kwetu.

Eliudi, namsifu, aliona haya lakini akili haikumkimbia. Akasema tuweke meza katikati. Mzee wa mkokoteni akatikisa kichwa: wataonana. Tukate dirisha kwenye ubao, mkono tu upite. Akatikisa: mkono ni wa nani? Kamba na kikapu? Hapo hata mimi nilitikisa, nilishaanza kuelewa: kamba itashikwa na mikono ile ile miwili. Tumhamishe mmoja? Bwana Rajabu mwenyewe akakataa. Akimtoa Mama Kabula wakulima wanahama, akimtoa Masanja mashine inazima.

Basi Bwana Rajabu akachoka. Akapiga kofi gunia, pumba zikaruka. "Mniwie radhi wazee wangu. Mimi pia nina wakwe, nawaheshimu. Ila hapa ni kazini! Ukwe wauache nyumbani, jioni wataukuta. Siwezi kumlipa mtu mzima akae kwenye kigoda abebe aibu za watu. Mzee Damiani haongezi kitu. Picha ibaki ilivyo!"

Mzee Damiani akainamisha kichwa. Akaanza kugeuka aondoke, nikaona rozari inaning'inia na mkono wake unaitafuta.

Na hapo ndo Mama Kabula akasema. Mama yule nilikuwa sijawahi kumsikia akisema maneno zaidi ya uzito wa gunia. Akaacha vibao vyake, hakugeuka, akauambia ukuta. Baada ya neno lake Bwana Rajabu mwenyewe alimwashiria mzee arudi. Eliudi alikwenda akabandua picha yetu, ugali ukabaki ukutani. Akaigeuza, na kati ya mizani na mashine akachora kisanduku kwa kalamu ya mkono, kikubwa kuliko vyote, na hakukohoa. Mzee Damiani akashusha kigoda, akakaa. Mpaka naacha kazi sijasikia mtu ameuliza tena kile kigoda kinaongeza nini.

Niliigiza sauti ya kila mtu wa wilaya hii. Hii ya Mama Kabula naisema kwa sauti yangu mwenyewe, maana ile yake nilishaitumia vibaya mara moja. Alisema:

"Mtoeni mzee. Ila kwanza huyo wa kwenye mashine mumrudishie ng'ombe zake zote za mahari, nimchukue mwanangu nyumbani, halafu kibao nitampa mkononi."